Ndege ya mwanao ina betri mbili? Muulize kama amezijaribu moja moja

Mzazi, kama nyumbani una kijana anayerusha ndege ndogo za rimoti, huenda umeshamsikia akisema: "Hii ni salama, ina betri mbili." Mpongeze kwa kujali usalama. Kisha muulize swali moja: mara ya mwisho alizima betri moja na kuijaribu nyingine peke yake ilikuwa lini?

Swali hili linahusu afya kama linavyohusu ufundi. Ndege kubwa za aina hii hufikisha kilo tano na zaidi, na propela yake ikizunguka inaweza kukata vidole. Ikipoteza mwelekeo karibu na watu, majeraha yake si ya mchezo.

Umeme ukikatika angani

Ndani ya ndege kuna risiva, kifaa kinachopokea amri za rimoti na kuzipeleka kwenye mota ndogo zinazogeuza mbawa na mkia. Vyote hivyo vinategemea betri. Betri ikifa, mota hizo hubaki pale zilipokuwa.

Kwa ndege ya injini ya mafuta hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu injini haihitaji risiva ili iendelee kuunguruma. Hata ule mpango wa kupunguza mwendo mawimbi yakipotea haufanyi kazi, kwa kuwa risiva yenyewe imezimika. Ndege inaendelea kwenda, na hakuna anayeiongoza.

Ndege ndogo za povu zinazotumia umeme kwa kawaida hazihitaji betri mbili. Nyingi zina kifaa kinachozima mota ya propela chaji ikipungua, ili umeme uliobaki utumike kuiongoza ndege hadi chini. Betri ya akiba ina maana zaidi kwa ndege kubwa, hasa za mafuta.

Mbili zinazotegemea kitu kimoja

Kosa la kwanza ni kufunga betri mbili kwenye swichi moja. Swichi ikiharibika, zote mbili hazina kazi. Kila betri iwe na swichi yake na waya wake, na kila waya uingie kwenye tundu lake la risiva.

Pili, betri ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri unaokaribiana. Seli nne za nikeli hutoa volti 4.8. Seli mbili za lithiamu zinazoitwa LiPo huhesabiwa volti 7.4, na zikijaa hufika 8.4. Mota zilizotengenezwa kwa volti 6 zinaweza kuungua kwa umeme huo, isipokuwa kuwe na kifaa cha kuupunguza.

Tatu, seli ya betri moja ikipiga shoti, inaweza kunyonya umeme wa betri nzima. Ndiyo maana mafundi huweka dayodi au kifaa maalumu kinachoruhusu umeme kwenda upande mmoja tu. Dayodi hula sehemu ndogo ya volti, hivyo fundi aihesabu mapema.

Betri ya pili huficha ugonjwa wa kwanza

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Ndege yenye betri moja ikipata hitilafu, utajua siku hiyohiyo. Yenye betri mbili, moja inaweza kufa na ndege ikaendelea kuruka vizuri. Kijana anaamini ana akiba, kumbe amebaki na moja.

Ni sawa na jenereta ya hospitali ambayo haijawahi kuwashwa. Ipo, ina mafuta, lakini hakuna ajuaye kama itawaka umeme ukikatika katikati ya upasuaji. Wahenga walisema akiba haiozi. Ya betri huoza.

Kipimo chake hata mzazi asiyejua umeme anaweza kukisimamia. Kabla ya kuruka, injini ikiwa imezimwa, kijana awashe swichi ya kwanza pekee na kuchezesha mbawa na mkia wote kwa pamoja. Azime, kisha afanye hivyo kwa swichi ya pili pekee. Volti zipimwe mota zikiwa zinafanya kazi, kwani betri mbovu huweza kuonyesha namba nzuri ikiwa imepumzika.

Baada ya kuruka, aandike kila betri imerudishiwa chaji kiasi gani. Kama moja imekula nyingi na nyingine karibu haikuhitaji kitu, swichi, waya au betri ina tatizo. Ndege isiruke hadi lipatikane.

Na nyumbani je?

Betri mbili ni kuchaji mara mbili. Betri za lithiamu zichajiwe kwa chaja yake, juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na godoro, pazia na chandarua. Zisichajiwe watu wakiwa wamelala. Iliyovimba au iliyopondeka isichajiwe tena. Ikianza kutoa moshi, tokeni chumbani, msiuvute moshi huo, na mwite zimamoto.

Mtu akiungua, poza jeraha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Vua pete na nguo zilizo karibu, isipokuwa zilizogandia kwenye ngozi. Usipake dawa ya meno, asali wala yai. Mpeleke kituo cha afya, hasa kama ni mtoto au ameungua uso au mikono.

Mwisho, kabla hujanunua ndege, uliza mamlaka ya usafiri wa anga kuhusu kibali na maeneo ya kurushia.

Usimkataze kijana mchezo huu. Unamfundisha umeme, hesabu na subira. Simama naye dakika tano kabla ya kuruka, usikie swichi ya kwanza ikilia, kisha ya pili. Moja ikikataa, siku hiyo ndege irudi nyumbani.