Kamba ya Goti

Neno "akili" twalitumia kila siku majumbani mwetu, na mara nyingi ni kwa kumkaripia mtoto. Wachache wajuao kwamba neno hilo tulilolipata kwa Waarabu lina ukoo mmoja, katika lugha yao, na neno iqal, yaani kamba ya kufungia goti la ngamia.

Kamba yenyewe si ndefu. Ngamia hulazwa chini, mguu wake wa mbele ukakunjwa, na kamba ikazungushwa penye goti hata asiweze kuunyosha. Wakati wa malisho hufungwa miguu miwili ya mbele kwa karibu, ili apate kutembea akila wala asipate kukimbia. Ni kazi ndogo kuitazama. Lakini katika jangwa la Rub al-Khali, kusini ya Bara Arabu, fundo likilegea usiku, asubuhi msafiri hana wa kumchukulia viriba vyake, na kisima huenda kiko mwendo wa siku nyingi. Imepokewa na Tirmidhi kwamba mtu mmoja alimwuliza Mtume wetu (s.a.w.) kama amfunge ngamia wake na kumtegemea Mungu, au amwache huru na kumtegemea Mungu. Akaamriwa amfunge kwanza.

Mwaka 1946 Mwingereza Wilfred Thesiger alitoka Salalah, nchi ya Oman, kwenda kulivuka jangwa hilo. Alikuwa amesoma Oxford, na ngamia alikwisha kuwapanda Sudani na Sahara. Hata hivyo, mbele ya Mabedui wa kabila la Rashid alikuwa mwanafunzi, na mmoja wa wenziwe njiani, bin Kabina, alikuwa kijana wa miaka kama 16 tu. Huko hupandwa ngamia majike, kwani hutoa maziwa. Mpandaji hukaa nyuma ya nundu, na Warashid walizoea kupiga magoti juu ya matandiko huku wakikalia nyayo zao. Mgeni asiyezoea hulipa kwa maumivu. Wala hawakuwapiga wanyama wao. Thesiger ameandika kwamba haja ya ngamia ilitangulia haja ya mtu siku zote.

Lakini elimu iliyotustaajabisha zaidi ni ya kusoma nyayo. Ngamia aliyekulia mchangani ana nyayo laini zenye vipande vya ngozi vinavyoning'inia, na aliyekulia penye changarawe nyayo zake zimesuguliwa zikawa laini kama kioo. Na katika kinyesi chake hujulikana alikula majani gani, basi na mahali alipoyala. Katika safari moja walikuta nyayo za zamani. Mzee mmoja akashuka, akazitazama, akavunja kinyesi kikavu mkononi, akasema kwamba waliopita ni Awamir, watu 6. Wamewavamia Wajanuba huko pwani na kutwaa ngamia 3. Wamenywesha Mughshin, na wamepita siku 10 zilizopita. Majuma mengi baadaye walikutana na watu wenye habari, na ikawa ni vile vile. Jambo moja tu hawakuwa wamelijua, nalo ni kwamba wavamizi wale walikuwa wameua watu. Mzee yule hakukaa darasani hata siku moja, nasi twawauliza vijana wetu wenye vyeti: ni nani kati yenu angaliweza hayo?

Thesiger, ambaye baadaye aliishi miaka mingi Maralal katika nchi ya Kenya, alirudi Oman mwaka 1977. Akakuta magari yameshika mahali pa ngamia, akahuzunika sana. Katika hilo hatumfuati. Aliyeshinda na kiu tangu utoto halazimiki kubaki nayo ili mgeni apate la kuandika. Tunachokisikitikia sisi ni ile elimu, kwani aliyekuwa nayo aliipata kwa kufuatana na babaye nyuma ya wanyama, na gari halina nyayo za namna ile.

Si yote iliyopotea. Mwaka 2022 Unesco iliingiza katika orodha ya urithi wa wanadamu desturi iitwayo Alheda'a, kwa ombi la Oman, Saudia na Falme za Kiarabu. Ni sauti za kuwaita ngamia. Mchungaji huita, na kundi lililotawanyika malishoni humjua kwa sauti yake, likamjia. Watoto hujifunza kwa kwenda na wazazi wao jangwani, wakiita pamoja nao.