Ile safu ya "Maoni" kwenye azimio la kazi

CHAKI NA VUMBI
Na Kulwa Masunga

Azimio la kazi la darasa la kwanza ni karatasi pana. Mwalimu hulichora kwa rula mwezi Januari, kaunta buku ikiwa imelazwa ubavu, akianzia kushoto: umahiri mkuu, umahiri mahususi, shughuli za ujifunzaji, mwezi, wiki, idadi ya vipindi, mbinu, rejea, zana za upimaji. Akifika kulia kabisa karatasi imemwishia, na hapo ndipo inapobanwa safu nyembamba kuliko zote, ya Maoni. Ndani yake utakuta maneno yaleyale, uwe Ibadakuli, Kahama au Geita. Wiki ya tatu: imefundishwa na imeeleweka. Wiki ya saba: imefundishwa na imeeleweka. Wiki ya tisa mvua ilipiga siku tatu, korongo likajaa, nusu ya darasa haikuonekana. Imeeleweka.

Siwaiti walimu waongo. Mwalimu akiandika kwamba watoto 40 bado hawajashika silabi za r na atazirudia wiki ijayo, anajitafutia maswali. Mwalimu wa taaluma atataka kujua kwa nini yuko nyuma ya wenzake. Mthibiti ubora, ambaye sisi wa zamani bado tunamwita mkaguzi, akifika atalinganisha tarehe za azimio, za andalio la somo na za shajara. Zikilingana, mwalimu amepona. Katika mazingira hayo "imeeleweka" ni kinga, kama mtu anavyobeba mwavuli wakati wa masika.

Umahiri wenyewe sina ugomvi nao. Tulikotoka ni kubaya. Mwaka 2012 serikali ilikiri kwamba zaidi ya wanafunzi 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka uliofuata darasa la pili lilipimwa kitaifa, na mtoto wa wastani akaonekana kusoma maneno kama 18 tu kwa dakika, ilhali kiwango tunachokitaka ni 50. Waliosoma wakaelewa vizuri walichosoma walikuwa takribani asilimia 8. Ndipo 2015 ukaja mtaala wa KKK. Madarasa mawili ya mwanzo yakapunguziwa mzigo wa masomo, asilimia 80 ya muda ikapewa kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtoto akaanza na sauti ya herufi badala ya kuimba a, be, che bila kujua zinamfikisha wapi. Mtaala ulioboreshwa wa 2023, ulioingia darasa la kwanza Januari 2024, umeendelea kuhesabu kile mtoto anachoweza kufanya.

Muhtasari basi unasema mtoto aweze nini. Hausemi lazima aweze Ijumaa ya wiki ya tisa. Hiyo Ijumaa tumeiweka sisi wenyewe kwa rula, kisha tukaiogopa.

Tuje hapa Ibadakuli, kata ambayo wageni wanaijua kwa uwanja wa ndege na kituo cha kupozea umeme. Mtoto wa miaka sita anayetoka kaya ya pembezoni huko anaingia darasani na Kisukuma kilichokomaa na Kiswahili cha dukani. Kisukuma hakina r. Darasa likiitikia kwa pamoja "ra, re, ri, ro, ru", simama mlangoni usikilize: la, le, li, lo, lu, tena kwa furaha kubwa. Mwalimu mgeni aliyepangiwa kutoka mikoa mingine anasikia kosa, anarudia, anakemea, kipindi cha dakika 30 kinaisha. Anayelijua eneo hufanya jambo jingine. Anachukua kadi mbili, moja imeandikwa kalamu na nyingine karamu, anaweka chini picha ya kalamu na picha ya watu wanaokula harusini, kisha anamwambia mtoto, bila kutamka chochote, apeleke kila kadi kwenye picha yake. Mtoto akizipeleka sawasawa, huyo anasoma. Ulimi utafuata baadaye, na usipofuata, viongozi wetu wangapi wakubwa wamemaliza kazi zao za umma bila r na nchi ikaenda?

Kazi hiyo ya kutofautisha anayeona herufi na anayeitamka haionekani popote kwenye azimio lililonakiliwa kutoka shule nyingine au kuchapishwa stesheneri mjini. Kuna na la upande wa pili. Ng', ambayo maazimio mengi huiweka huko mwishoni na herufi unganishi nyingine kwa kuwa inahesabiwa ngumu, mtoto wa Kisukuma anaamka nayo. Ng'ombe wako zizini, ng'wana ni yeye mwenyewe. Mwalimu mwenye akili angeivuta mbele, akampa mtoto ushindi wa mapema, halafu dh, gh na th, zisizokuwemo kabisa kwao, akazipa wiki mbili badala ya moja. Mpango wa elimu wa EQUIP-T uliopita Shinyanga miaka ya 2014 hadi 2020 uliutambua uzito wa lugha ya nyumbani: vituo vya utayari wa shule viliwachukua watoto ambao hawakupitia awali, vikawaingiza kwenye Kiswahili kwa hadithi na michezo, wakiongozwa na wasaidizi wa kijijini hapohapo wanaoielewa lugha ya nyumbani. Mradi umeondoka. Mtoto bado anakuja vilevile.

Na halafu kuna machimbo. Ikitokea rashi, yaani watu kukimbilia dhahabu mpya, Mwakitolyo au huko Nyarugusu, baba anatangulia, mama anafuata na watoto, na jina la mtoto linabaki kwenye daftari la mahudhurio likipigwa sifuri mpaka mtu achoke. Dhahabu ikikata wanarudi, au wanahamia Kakola. Mtoto huyo anapokelewa Mei na mwalimu aliye wiki ya kumi na saba, wakati yeye aliachia wiki ya tano. Andalio la somo lina kijedwali juu kabisa cha walioandikishwa na waliohudhuria, wavulana, wasichana, jumla. Tunakijaza kila siku. Sijaona andalio ambalo namba hizo zimebadilisha lolote katika mistari iliyo chini yake.

Kanda hii si ngeni katika kupanga masomo ya kusoma kwa kumtazama anayesoma. Mwaka 1968 serikali na UNESCO walianzisha mradi wa majaribio wa kisomo cha watu wazima, makao yakiwa Mwanza, ukigusa Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Vitabu vyake vya kwanza havikuwa vya aina moja. Mkulima wa pamba alijifunzia silabi kwenye pamba, mvuvi kwenye uvuvi, wa migombani kwenye ndizi. Na ulipokuja mtihani wa kitaifa wa kisomo, Agosti 1975, mtu alipangwa katika ngazi nne kufuatana na alichoweza kufanya na karatasi iliyo mbele yake. Aliyebaki ngazi ya chini hakuandikiwa kwamba ameelewa. Kampeni ile ilikuwa na kasoro zake, siasa nyingi na taa za kandili chache, lakini kwenye hili iliwaheshimu wazee wetu kuliko tunavyowaheshimu wajukuu zao.

Wakenya walijaribu njia yao. Mpango wa Tusome, ulioenea nchi nzima kuanzia 2015, ulimpa mwalimu kiongozi chenye somo la kila siku limeandikwa tayari, na maofisa wa elimu wakapewa tableti za kwendea darasani. Sipendi sana mwalimu kuandikiwa kila neno; mtu aliyesomea ualimu apewe nafasi ya kufikiri. Ila kuna jambo moja ningeliiba bila aibu. Ofisa akifika, baada ya kutazama somo, alitakiwa kuwaita watoto wachache na kuwasikiliza wakisoma.

Hilo linawezekana hapa bila tableti yoyote. Mthibiti ubora au Afisa Elimu Kata afungue azimio, achague mstari mmoja ulioandikwa imeeleweka, aombe watoto watano kwa namba za kwenye daftari la mahudhurio, si wale wa dawati la mbele, wamsomee silabi za wiki ile. Wakisoma, ampe mwalimu mkono. Wasiposoma, asimwandikie barua. Amwulize tu kwa nini ile safu haikusema hivyo. Tukifika hapo, mwalimu atakayepata taabu ni yule aliyeficha, na aliyesema ukweli atapewa vipindi vya kurudia.

Najua nitakayojibiwa. Darasa la watoto 120, mwalimu mmoja, kadi anazichora mwenyewe kwenye maboksi, herufi anazipanga kwa vifuniko vya soda: huyu atawapimaje mmoja mmoja? Hatawapima wote kwa siku moja. Wanne kwa siku, wakati wengine wananakili ubaoni, ni ishirini kwa wiki, na kwa wiki sita amewasikia wote 120. Wengi wataonekana wako mahali patatu tu: wasiojua sauti, wanaojua sauti bila kuziunganisha, na wanaosoma neno. Hapo tayari ana maandalio matatu ya kweli badala ya moja la kumridhisha mgeni.

Shule zinafunguliwa Julai kwa muhula wa pili, na maazimio yatapelekwa tena ofisini kukaguliwa na kugongwa muhuri. Mwalimu mkuu atakayeletewa moja lenye "haijaeleweka" tano mfululizo asilirudishe likaandikwe upya. Aulize watoto hao ni akina nani, na atazame kwenye ratiba ni vipindi gani wanaweza kupewa.