*TAARIFA YA TAWI: LAMI TUNAITAKA, NA VIJANA WETU TUNAWATAKA*

Ndugu wanachama,
 

Barabara ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo tumeililia miaka mingi na tunaiunga mkono. Lakini inapita eneo la Saadani, Hifadhi ya Taifa tangu 2005, na tembo hasomi ramani ya mipaka. Kwenye vumbi na mashimo, bodaboda huenda polepole na huwahi kusimama akimwona nyati. Kwenye lami, usiku, na taa moja, hawahi.

Tufanye hesabu. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha shilingi 1,000,000 kwa kifo, 500,000 kwa ulemavu wa kudumu na 200,000 kwa jeraha. Sheria ya Wanyamapori ya 2009 inataja uhai, majeraha, mazao na mifugo. Pikipiki haimo. Kijana aliyechukua chombo kwa mkataba akigongana na mnyama, chombo kimekufa, mguu umevunjika, na hesabu ya bosi inaendelea kudaiwa kila jioni. Tena kifuta machozi ni kwa wanyama wakali waliotajwa, kama tembo, simba, kiboko na nyati. Ngiri akikuangusha, umeanguka mwenyewe.

Wapo wanaosema vijana waache mwendo kasi. Ni kweli, waache. Lakini mgonjwa wa saa nane usiku hasubiri kuche, na anayempeleka zahanati ni huyu huyu bodaboda.

Msimamo wa Tawi:

1. Diwani wetu apeleke hoja Halmashauri: vibao na matuta yawekwe kwenye mapito ya wanyama. Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza hifadhi kwa kilomita 50, matuta na vibao vipo.
2. Wabunge wadai kanuni zitambue chombo cha kazi kama zinavyotambua shamba na mbuzi.
3. Kila kijiwe cha bodaboda kianzishe mfuko wake. Kidogo kidogo hujaza kibaba.

Wakati tunasubiri, tukumbushane. Ukimwona tembo, simama mbali, usipige honi wala kuvumisha injini. Geuza taratibu urudi. Usipite kati ya mama na mtoto, wala kati ya kiboko na maji. Mnyama mmoja akivuka, subiri. Mwenzake yuko nyuma.

Likitokea la kutokea, toa taarifa mapema kwa Mtendaji wa Kijiji na Afisa Wanyamapori wa Wilaya. Majeruhi achukue PF3 polisi, na kila karatasi itunzwe. Madai bila karatasi ni hadithi. Asiyejua kujaza fomu aje ofisi ya Tawi, tutajaza naye.

Mwenye kijana anayeendesha pikipiki amsomee ujumbe huu leo.

_Imetolewa na:_
*Katibu wa Tawi*
_kwa niaba ya Kamati ya Siasa ya Tawi_