Ubao wa Kila Kazi au Mbuzi kwenye Gunia?

Naandika kutoka huku Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza. Najua nimepotea hewani. Msinilaumu, ratiba ya wodini ilikuwa ya usiku kwa usiku, na anayekesha na wagonjwa mchana hana nguvu ya kuandika. Leo sileti habari za baridi wala za kodi ya nyumba. Leo nimekuja na ugomvi, na ugomvi wenyewe ni juu ya ubao.

Ndiyo, ubao! Mnaopita hapa mara kwa mara mnaujua mchezo wangu wa siku za mapumziko. Unasimama juu ya ubao mpana, una kafi refu mkononi, unapiga maji mpaka wimbi likuchukue, kisha unateleza nalo hadi maji ya magotini. Huku wanauita padelibodi, mimi nauita ubao wa kafi. Ufuo wetu mkubwa unaitwa Saunton Sands, mchanga wa kilomita karibu 5, na mawimbi yake ni ya upole, yanakuja taratibu kutoka mbali. Kwa mtu anayetafuta mawimbi madogo, ya magoti mpaka kiunoni, pale ndipo penyewe.

Sasa, mdogo wangu wa Kigamboni kaniandikia. Anataka nimtumie mbao mbili za kujaza upepo, zile zinazokunjwa zikaingia kwenye begi, azikodishe kwa watu wa wikiendi wanaotaka kucheza na mawimbi. Kanitumia na picha ya tangazo: dada mwembamba, jua linazama, maji kimya kama mafuta kwenye sahani. Chini wameandika kwamba ubao huo ni wa kila mtu, kila maji, kila kazi. Na yeye si wa kwanza, mwaka huu ni mtu wa tatu kuniletea tangazo la namna hiyo. Basi jibu langu nalitoa hapa hadharani: HAPANA. Na sababu nazitoa vilevile, ili asije mtu akasema dada kawa bahili tangu aende Ulaya.

Jina hilo la "ubao wa kila kazi" lina maana yake, ila wauzaji wamelivuta mpaka limechanika. Kwa watu wanaoujua mchezo, ubao wa kila kazi kwa mawimbi madogo ni ubao MGUMU, ndani povu gumu, nje faibaglasi na epoksi. Urefu wake ni futi 10 hivi, yaani kama sentimita 305, ukizidi au ukipungua ni kwa nusu futi. Upana wake inchi 30 hadi 33. Unene wake inchi 4 na nusu au pungufu. Omo yake ni ya mviringo na imeinuka kidogo, katikati umenyooka, na nyuma chini una pezi kubwa moja katikati na mawili madogo pembeni.

Kila kimoja hapo kina sababu yake. Wimbi dogo halina nguvu, halikusukumi kwa hasira, kwa hiyo ubao lazima uwe mrefu na ulionyooka katikati ili uanze kuteleza kabla wimbi halijakupita. Lazima uwe mpana ili usimame bila kutetemeka unaposubiri. Omo lazima iinuke, la sivyo itachimba maji wimbi likikushusha, na wewe utaruka mbele kama gunia. Kingo lazima ziwe nyembamba kiasi cha kushika ukuta wa wimbi unapotaka kukata kona. Huo ndio ubao unaofanya kazi zote: unapanda wimbi, na siku bahari imelala unatembelea pwani.

Sasa chukua ule wa kujaza upepo. Unene wake kwa kawaida ni inchi 6, na kingo zake ni duara kama bomba. Huo hauingii kwenye wimbi, unakaa juu yake. Ukitaka kugeuka unateleza kiubavu. Ukisimama katikati wimbi likauinua, unapinda hata kama umeupampu mpaka mkono umekufa ganzi. Na kwa vile unaelea juu sana, upepo ukivuma unauchukua kama jani la mkungu. Huku, walinzi wa ufukweni wakipandisha ule mfuko wa upepo wa rangi ya chungwa, maana yake ni kwamba upepo unavuma kuelekea baharini na vitu vya kujaza upepo visiingie majini. Hawakuamua hivyo kwa kupenda kutuharibia starehe!

Nitende haki. Ubao wa upepo haukosi mahali pake. Ndani ya mwamba kule Paje maji yakijaa, au kwenye vijito vya mikoko asubuhi kabla upepo haujaamka, ni chombo kizuri, chepesi, na ukimgonga mtu hakiumizi kama kigumu. Anayekaa ghorofani na hana pa kuweka ubao wa mita 3 namwelewa pia. Ubishi wangu si juu ya chombo, ni juu ya mdomo wa muuzaji. Usiuze kitu cha maji tulivu ukamwambia mtu ni cha mawimbi. Huko ni kuuza mbuzi kwenye gunia.

Wapo na wa upande wa pili, na hao wananiudhi zaidi kwa sababu wanajiona wajuzi. Hao ndio wanaokwambia: mawimbi madogo, nunua ubao mdogo. Kisa wameona video za mabingwa wanaopinda na kuruka juu ya mbao za futi 7 au 8. Jamani! Bingwa ana miguu ya paka na miaka 15 ya mazoezi. Wewe una kitambi na Jumamosi moja kwa wiki mbili. Wimbi dogo ndilo linalotaka ubao wenye mwili, kwa sababu lenyewe halina.

Hapa niruhusuni nivae gauni langu la kazi. Wodini dawa ya mtoto hatuipimi kwa uzuri wa boksi, tunaipima kwa kilo za mtoto. Ubao nao ni hivyohivyo. Ukitaka kuununua, tafuta namba moja iliyoandikwa juu yake au kwenye karatasi zake: lita. Lita moja ya ubao hubeba takriban kilo moja, maji ya chumvi yanaongeza kidogo tu. Mimi nina kilo 78 (msicheke, nyama ni akiba). Nguo ya mpira ikilowa na vikorokoro vyake, weka kilo 4. Ubao wenyewe kilo 10. Jumla 92. Nikipanda ubao wa lita 170 nabaki na akiba ya kama 78, nasimama kama niko barazani. Nikipanda ule wa mabingwa wa lita 110 nabaki na 18 tu, maji yananilamba vifundo vya miguu, na kila nikihema natikisika. Kabla wimbi halijafika miguu imekwisha kazi.

Mdogo wangu, wewe kilo 95 ulinitajia mwenyewe. Jumlisha na ubao utafika 105. Fanya hesabu, halafu uniambie habari za lita 110.

Kwa anayejifunza, mimi nasema hivi. Mwenye kilo 50 hadi 60, lita 130 hadi 150 zinamtosha, na ubao wa futi 9 na nusu atauweza kuubeba bila kuvunja mgongo. Mwenye kilo 75 hadi 85, lita 160 hadi 180, futi 10. Aliyepita 95, asione haya, achukue futi 10 na nusu au 11, lita 190 kwenda juu. Muuzaji asiyekuuliza kilo zako kabla ya kukuonyesha ubao, muage kwa adabu utoke. Mimi niliwahi kuingia duka moja huku (silitaji), kijana akaniuliza rangi ninayopenda. Rangi! Nikamuuliza lita, akaenda kumwita mkubwa wake.

Kuna jambo jingine ambalo matangazo hayalisemi, nalo ndilo linalonifanya niandike kwa ukali: kamba. Ubao wa kafi hufungwa kwa kamba kwenye mguu, usikukimbie ukianguka. Penye mawimbi unataka kamba iliyonyooka, urefu kama wa ubao, ifungwe kifundoni au chini ya goti. Ile ya kujikunja kama waya wa simu ya zamani inaweza kuurudisha ubao usoni kwako. Lakini mtoni, penye maji yanayokwenda kasi na vitu vya kunasa, kamba ya mguuni ni mtego. Huko inatakiwa ya kiunoni, yenye kifyatuo cha kuvuta mara moja ikaachia.

Tarehe 30 Oktoba 2021, watu 4 waliokuwa kwenye matembezi ya mbao hizi walipatwa na ajali iliyochukua maisha yao kwenye kizuizi cha maji cha mto Cleddau, mjini Haverfordwest, Wales. Mto ulikuwa umejaa. Aprili 2025 mwenye kampuni iliyowapeleka alihukumiwa kifungo cha miaka 10 na miezi 6, baada ya kukiri kuua bila kukusudia kwa uzembe mkubwa. Nimelisema hili kwa sababu mdogo wangu hataki ubao wa kuchezea, anataka wa KUKODISHA. Anayekodisha chombo cha maji amebeba roho za watu. Mteja wake wa Jumapili, aliyetoka Tabata na familia, hajui kamba, hajui lita, wengine hata kuogelea hawajui. Atamwamini yeye kama mgonjwa anavyomwamini nesi mwenye sindano mkononi. Na Kigamboni ile ya upande wa nje inatazama bahari kuu, kusi likivuma mawimbi yanaingia bila kubisha hodi.

Najua shangazi yangu atasema haya ni mambo ya Wazungu, umeenda kuuguza watu au kucheza? Shangazi, shikamoo. Kwanza, mchezo huu si wa Wazungu. Kupanda mawimbi kwa ubao ni urithi wa watu wa Polinesia, Hawaii ikiwa mbele, na mtindo wa kusimama na kafi ulikuzwa Waikiki, hukohuko Hawaii, na walimu wa mawimbi karne iliyopita. Hata pwani ya Ghana, wasafiri wa Ulaya wa karne ya 17 waliandika kuwaona watoto wa pale wakicheza na mawimbi juu ya mbao. Pili, kwetu nani hajamwona mzee amesimama kwenye mtumbwi akipiga pondo, mgongo umenyooka, hatikisiki? Tatu, mgongo wa nesi unaumia kwa kuinua watu wazima usiku kucha, na dawa yangu mimi ni saa moja juu ya maji. Mbona mjomba akienda kwenye bao kutwa nzima haulizwi?

Haya, mdogo wangu, mapatano yangu ni haya. Kwanza ujifunze kuokoa mtu majini na huduma ya kwanza, ada nalipa mimi. Pili, badala ya mbili za upepo nitanunua mmoja mgumu uliovikwa sponji juu, futi 10 na nusu, ulio na lita za kutosha kumbeba hata mteja mnene, na sponji itawapunguzia watu manundu. Huku mbao zilizotumika zinauzwa vizuri mwisho wa majira ya joto, wengi wakishaogopa baridi, na kontena la Wabongo nimeshaulizia nafasi. Ni ghali kuliko begi, najua. Tatu, kafi liwe refu kuliko mteja kwa kama shubiri moja, si zaidi. Nne, kamba ikaguliwe kila asubuhi, na siku bahari imechafuka hakuna kukodisha hata akija mtu na dola. Tano, wanaoogelea wawe na upande wao na mbao upande wao. Huku walinzi wanatenga kwa bendera: nyekundu na njano kwa waogeleaji, nyeusi na nyeupe za mirabaraba kwa mbao. Wewe hata vitambaa viwili vya kanga vinatosha, mradi viheshimiwe.

Ukikubali, niandikie leo. Ukikataa, fedha ya mbao itakwenda kwenye bati la mama na sitaki kelele.

Na ninyi wengine mnaotaka kuniletea picha za matangazo, kabla hamjaniuliza bei, nitumieni kilo zenu na mniambie bahari yenu ikoje. Bila hayo mawili sijibu. Wanaobisha, uwanja wa maoni uko wazi hapo chini, ila matusi nafuta.

Nakimbilia shifti. Mbarikiwe, na msalimieni bibi.