Sehemu ya 9: X imeishia kwa jirani, kelele imeingia kwako

Leo sitaongelea uji wala chanjo. Naongelea kelele za barabara, na najua kuna watakaosema nesi sasa ameingilia kazi ya mainjinia.

Kuna mama alikuja na mtoto wa miezi mitano. Mtoto anashtuka usiku mara nne, mara tano, analia. Tukampima: homa hana, masikio mazima, uzito unapanda vizuri. Nikamuuliza, mnalala chumba gani? Akasema cha mbele, na tangu nyumba ya jirani ibomolewe kupisha barabara, malori wanayasikia kama yanapita sebuleni.

Hilo ndilo ninalotaka mlione. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliyekumbwa na nyongeza hiyo anawekewa X ya kijani na kulipwa fidia, nyumba inahesabiwa, migomba inahesabiwa. Wewe uliye mita 35 hujawekewa X, unashukuru Mungu. Lakini ile nyumba iliyobomolewa ndiyo ilikuwa ukuta wako. Sauti haijui X. Umbali kutoka barabarani ukiongezeka mara mbili, kelele ya magari inapungua kidogo tu, kama desibeli 3 hivi, na sikio halioni tofauti kubwa. Kwa hiyo aliyebaki ndiye anayelala na kelele, na ndiye ambaye hakuna aliyemuuliza.

Sijaja kupinga lami jamani. Tuliokulia Muleba tunakumbuka masika, mama mwenye uchungu anakwama kwenye tope. Barabara imetuokolea wazazi wengi. Ila barabara hii hii inayotoka Mutukula kupitia Kyaka, ikashuka Muhutwe, Muleba hadi Biharamulo, ni ya malori ya safari ndefu, na malori hayalali.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2018 kwa nchi za Ulaya, linashauri kelele za magari usiku, zikipimwa nje ya nyumba, zisizidi desibeli 45. Lori lenye mzigo likipita karibu linavuka 80. Mtu anakwambia "mimi nimeshazoea". Masikio yamezoea, mwili haujazoea. Hata usipoamka, moyo unaongeza mapigo, presha inapanda kidogo, usingizi unatoka kwenye kina kirefu unarudi juu. Mwongozo huo unahusisha kelele za magari za miaka mingi na ugonjwa wa moyo. Sisemi kila presha ninayoipima kliniki inatokana na lori, hapana. Ila mjamzito mwenye presha na asiyelala, mimi namuuliza anakaa wapi.

Na watoto wa shule je? Mwaka 1975 mtafiti Arline Bronzaft alichunguza shule moja ya New York iliyokuwa jirani na reli. Ilikuwa treni, sio malori, lakini sikilizeni. Watoto wa madarasa ya upande wa reli walikuwa nyuma kwa kusoma, wengine karibu mwaka mzima, kuliko wenzao wa upande wa pili wa jengo hilo hilo. Baadaye reli ikawekewa mipira ya kupunguza mtikisiko na madarasa yakawekewa dari za kunyonya sauti. Alipopima tena, tofauti ilikuwa imeisha. Yaani inarekebishika.

Sasa rasta na matuta. Hapa nitawaudhi baadhi yenu. Yasiondolewe. Nimeshapokea watoto waliogongwa, sitaki kupokea wengine. Lakini rasta ikiwekwa mbele ya dirisha la mtu, kila lori usiku ni breki, tela linagonga, halafu gia inaunguruma kuondoka. Rasta ni ya kumuonya dereva kabla hajafika kwa watu, basi iwekwe kabla ya nyumba, sio katikati yake. Hilo ni suala la kuamua mapema kwenye mchoro, lami ikishakauka ni kuomba tu.

Nyumbani fanya hivi. Mtoto alale chumba cha nyuma, hata kama wageni watashangaa sebule imegeuka chumba cha kulala. Ukiwa na uwezo wa tofali, jenga ukuta mzima upande wa barabara, maana majani ya migomba yanaficha magari machoni tu, sauti inapita. Usiongeze redio ili kufunika kelele. Na tafadhali sana, usimwekee mtoto pamba masikioni! Tunazitoa hospitali, na sio kazi ya kupendeza.

Kabla ya ujenzi kuna tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wanaitwa kutoa maoni. Wanaokwenda ni wanaume, wanaongelea fidia. Nendeni na nyie mnaoamka usiku na watoto. Tangu 2015 tuna kanuni za viwango vya kelele na mitetemo chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na usiku viwango ni vikali kuliko mchana. Muulizeni mkandarasi na TANROADS, au TARURA kama ni barabara ya mtaa: rasta zinakaa wapi, mitambo inazima saa ngapi usiku, na shule au zahanati iliyo kando ya barabara inajengewa ukuta na nani. Mwombeni mwenyekiti wa mtaa au wa kijiji aandike kwenye muhtasari, na mbaki na nakala.

Yule mama alihamishia kitanda chumba cha nyuma. Mtoto sasa anashtuka mara moja, mara mbili. Mama mwenyewe bado anasikia malori.

Wiki ijayo: vumbi la ujenzi na kikohozi cha watoto.