Mji Janja, Mjanja Nani?

Kila nikikaa kwenye kikao cha utalii hapa Kakamega, lazima mtu aseme "mji janja". Programu ya simu, kamera barabarani, intaneti ya bure, mabango unayoyapiga picha kwa simu ili yakusimulie historia. Sawa. Lakini mgeni akishuka steji Ijumaa jioni, aulize kesho mafahali wanapigana wapi, Khayega au Shinyalu, atajibiwa na nani? Na mtu wa boda. Habari za mafahali hutembea kwa mdomo.

Sipingi teknolojia jameni. Mama wa ndizi sokoni anapokea M-Pesa na hakuna aliyemwandalia semina. Ninachopinga ni ujanja unaomruka mwenyeji. Chukua Msitu wa Kakamega. Anayeingia upande wa Buyangu hulipia kiingilio cha KWS kupitia eCitizen, na pesa ishafika kwenye akaunti ya serikali kabla mguu wake haujakanyaga jani. Haya, hesabu za umma ziwe safi. Je, kijana anayetambua ndege kwa sauti tu, aliyejifunza kwa kumfuata babake msituni, yuko wapi kwenye mtambo huo? Hana kitufe.

Isukuti ndiyo inayoniuma zaidi. UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014, tena si kwenye orodha ya kujivunia tu, bali ile ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Wajuzi wengi ni wazee, warithi haba. Halafu mtu mzima anapendekeza tuirekodi, mgeni aisikilize hotelini kwa simu! Ngoma tatu, baba, mama na mtoto, zinazotikisa kifua cha aliyesimama karibu, eti zitoke kwenye kispika cha mkononi. Mgeni akisharidhika na hicho, nani atamlipa mzee wa Isukha hata nauli ya kuja mjini?

Kaunti ikipata pesa za ujanja, ianze na ukurasa mmoja mwepesi, unaofunguka hata kwa simu ya bei nafuu. Waongozaji wa msituni, wapiga isukuti, wenye mafahali: majina na namba zao, kwa idhini yao, na ratiba ya Jumamosi ikiandikwa na wao wenyewe. Malipo yaingie kwenye simu zao moja kwa moja. Kamera zingoje.