Taswira ya Bibi Mtukufu na Ukimya wa Kalenga

Aghalabu taswira ya bibi wa tabaka la juu iliyochorwa kwa mtindo wa Rokoko huchukuliwa kuwa pambo tupu la hariri, maua na utepe. Mtazamo huo una kasoro. Katika mchoro wa mwaka 1756, François Boucher alimwonyesha Madame de Pompadour akiwa na kitabu mkononi, na karibu naye meza yenye kalamu ya unyoya. Bibi huyo hakuzaliwa kabaila; cheo cha umarkizi alikipata mwaka 1745 kwa hisani ya mfalme wa Ufaransa. Mchoro huo, basi, ni hoja: mwenye sura hii anastahili heshima kwa elimu yake.

Huko Kalenga, Iringa, hoja ya namna hiyo iliwekwa katika lugha. Jina Mkwawa ni ufupisho wa Mukwavinyika, jina la sifa lenye maana ya mtekaji wa nchi. Iringa nayo yatokana na lilinga, yaani ngome. Wajerumani waliivunja ngome ya Kalenga mwezi Oktoba 1894, lakini majina hayakuvunjika. Fuvu la Mkwawa lilirejeshwa mwaka 1954, nalo limehifadhiwa katika makumbusho ya hapo.

Je, mabibi wa ukoo huo wa kitawala wako wapi? Magdalene Prince, mzaliwa wa ukoo wa kikabaila wa Massow na mke wa ofisa wa Kijerumani aliyetawala Iringa, alichapisha mwaka 1903 kitabu kuhusu maisha yake katika nchi hii. Kwa kalamu alijichora mwenyewe. Wanawake wa Kalenga, kinyume chake, wanapotokea katika maandishi ya wakati huo, huonekana kwa jicho la mgeni.

Huenda ikadaiwa kuwa suala hili ni la wanahistoria peke yao. La hasha. Majina ya sifa, maamkizi ya heshima na nyimbo za maombolezo ni data za kiisimu. Yafaa watafiti wazirekodi kwa Kihehe chenyewe, pamoja na toni na mofolojia yake, ndipo zifasiriwe kwa Kiswahili. Tafsiri ya pupa humgeuza bibi mwenye jina lake kuwa "mke wa mtawala" tu, na hapo taswira yake hufutika kabla haijachorwa.